Tongoni na Tervuren: Vita vya Maniema Ndani ya Makumbusho

Vita vilivyouangusha mji wa Kasongo, katika nchi ya Maniema mashariki mwa Kongo, tarehe 22 Aprili 1893, na kuifikia Kabambare mwezi Januari wa mwaka uliofuata, vimehifadhiwa mbali sana na mto Lualaba. Hati zake, sanamu zake na majina ya waliokufa wa upande mmoja tu yamo Tervuren, mji mdogo ulio nje kidogo ya Brussels, katika jumba ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliliagiza kwa ajili ya koloni lake na ambalo lilifunguliwa mwaka 1910, miezi michache baada ya yeye kufariki. Jina lake rasmi ni Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, na siku hizi hujulikana zaidi kama AfricaMuseum. Mgeni anayeingia humo akitoka kusini mwa Maniema, akitaka kuona jinsi wazee wake walivyopigana ili nchi yao isikaliwe na wageni, ataukuta ukinzani huo, lakini ataukuta umegeuzwa: waliokinza wameandikwa kuwa watesi, waliovamia wameandikwa kuwa wakombozi, na wenyeji wa nchi wamewekwa katikati kama watu waliokuwa wakingoja tu kuokolewa.

Kukaliwa, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ya nchi kuwekwa chini ya jeshi lililotoka nje, jeshi linalotoza mali, kulazimisha kazi na kusimika machifu wake bila ya wenyeji kuridhia. Kwa maana hiyo Maniema ya kusini ilikaliwa mara mbili katika muda wa miaka isiyozidi 30, kwanza na misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Unguja na Mrima kwa njia ya Tabora na Ujiji, kisha na Dola Huru ya Kongo, ambayo licha ya jina lake ilikuwa milki binafsi ya Leopold. Waliokuwa mabwana katika ukaliwaji wa kwanza ndio waliokuwa wakinzani katika wa pili. Jambo hili ndilo linaloifanya historia ya Kasongo na Kabambare iwe ngumu kuwekwa katika kabati la kioo, na ndilo ambalo makumbusho ya Ubelgiji kwa muda mrefu yalilikwepa kwa kuonyesha nusu yake.

Yafaa kuanza na ukinzani wa kwanza, kwa kuwa ndio unaosahauliwa zaidi. Msafiri David Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi Septemba 1869, akiwa amefuatana na wafanyabiashara waliokuwa wakitafuta pembe, na akalazimika kukaa huko miezi mingi ya mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Katika shajara yake aliandika habari za vijiji vilivyochomwa na watu waliouawa kwa sababu ndogo ndogo. Mwezi Julai 1871 aliona kwa macho yake mauaji ya sokoni Nyangwe, pale watu wa misafara walipowafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua, na wengi wao wakazama mtoni walipokuwa wakikimbia. Mwezi uliofuata, alipokuwa njiani kurudi mashariki, wenyeji waliokuwa wamejificha msituni walimrushia mikuki iliyomkosa kwa nafasi ndogo sana, na mti mkubwa uliokuwa umedhoofishwa kwa moto ukaanguka karibu naye. Hawakuwa na ugomvi naye. Walimdhani ni mmoja wa wafanyabiashara waliochoma vijiji vyao. Kuvizia kwenye njia nyembamba, kuziba njia kwa miti, kuhama usiku na kuacha kijiji kitupu, hizo ndizo zilizokuwa mbinu za wenyeji hao, Wabangubangu, Wazimba na majirani zao waliokuwa na mikuki na mishale mbele ya bunduki. Hakuna sanamu iliyochongwa kwa ajili ya mkuki ule uliomkosa Livingstone, ingawa ndio ushahidi wa wazi kwamba watu wa nchi hii hawakukaa kimya hata kabla ya Mzungu yeyote kudai kuitawala.

Mtu aliyeifanya Kasongo kuwa makao makuu ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Tawasifu yake, ambayo aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili na ikachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya aina hiyo katika lugha hii, na ndani yake anaeleza bila kuficha jinsi alivyojipatia usultani wa Utetera kwa kumsadikisha Kasongo Rushie, mtawala mzee wa huko, kwamba yeye Hamed ni mjukuu wa dada yake mtawala aliyetekwa zamani. Madai hayo ya udugu yalimpa maelfu ya raia na shehena za pembe bila ya vita. (Kasongo Rushie asichanganywe na mji wa Kasongo, kwa maana jina hilo ni la kawaida katika nchi za Lualaba na Lomami.) Katika miaka ya 1870 Hamed aliungana na ndugu zake waliokuwa wametangulia Kasongo, na mji ukakua kutoka kambi ya misafara hadi kuwa kitovu cha eneo lililoenea kutoka Lomami hadi karibu na Ziwa Tanganyika. Kabambare, iliyokuwa kwenye njia ya mashariki karibu na mto Luama, ilikuwa kituo ambacho msafara wowote wa kwenda Ujiji ulikipitia.

Maandishi ya Kibelgiji yaliwaita wakuu wote wa miji hiyo Waarabu, na vita vyenyewe vikaitwa Kampeni ya Waarabu, lakini neno hilo linadanganya. Wachache walikuwa na nasaba ya Oman. Wengi walikuwa Waswahili wa Unguja na Mrima, Wanyamwezi, na zaidi ya hao watu wa Maniema wenyewe waliokwisha kuvaa kanzu, kusilimu na kusema Kiswahili, walioitwa Wangwana. Neno hilo linatokana na muungwana, yaani mtu huru asiye mtumwa, na ndilo lililoipa lugha ya eneo hilo jina la Kingwana. Lakini wengi wa Wangwana walikuwa watumwa waliokabidhiwa bunduki, au watoto waliotekwa vijijini wakalelewa katika nyumba za mabwana zao, hata wakapanda ngazi na wao wenyewe kuongoza misafara ya kuteka wengine. Mipaka ya aliyetenda na aliyetendewa ilipita ndani ya ukoo mmoja, pengine ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Mwaka 1887 msafiri Stanley, kwa niaba ya Leopold, alifunga mkataba na Tippu Tip mjini Unguja, ambao ulimfanya kuwa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls, mahali panapoitwa Kisangani leo. Mkataba huo ulikuwa wa kununua muda. Mwaka 1890 wali huyo alirudi pwani na hakuiona tena Maniema, na mwaka huo huo mataifa yaliyokutana Brussels yakatia saini mapatano ya kupiga vita biashara ya utumwa, mapatano ambayo yalimpa Leopold sababu njema mbele ya ulimwengu na ruhusa ya kutoza ushuru. Wakati huo huo amri za dola zilikuwa zimeanza kuwakataza watu binafsi kununua pembe na mpira katika maeneo makubwa, na maofisa wake wakawa wanazinyang'anya pembe zilizokuwa njiani kwenda mashariki. Kwa watu wa Kasongo suala lilikuwa wazi: pembe zilizokuwa zikitoka Kabambare kwenda Ujiji na Bagamoyo sasa zilitakiwa zishuke mto Kongo kwenda Antwerp. Utumwa ulikuwepo, na ulikuwa uovu mkubwa, lakini kilichowasha vita ni pembe za ndovu.

Mwezi Mei 1892 msafara wa kibiashara wa Mbelgiji Arthur Hodister, uliofika Lualaba kutaka pembe hizo hizo, uliuawa kwa amri ya Mwinyi Mohara, mkuu wa Nyangwe. Sefu bin Hamed, mtoto wa Tippu Tip aliyeachiwa Kasongo, alikuwa na lake: Gongo Lutete, mkuu wa vita aliyekuwa ametumikia nyumba ya baba yake kule Lomami, alikuwa amehamia upande wa dola, na Sefu akadai arudishwe. Dola ilipokataa, Sefu aliuvuka mto Lomami na kushindwa mwezi Novemba, na mwezi Desemba maofisa wawili wa Kibelgiji waliokuwa wakikaa Kasongo kama wawakilishi, Lippens na De Bruyne, wakauawa huko huko mjini. Wawili hao walijengewa mnara kwenye ufuko wa bahari wa Blankenberge mwaka 1900, na De Bruyne akawa katika vitabu vya shule za Ubelgiji mfano wa askari aliyekataa kukimbia na kumwacha mkubwa wake.

Jeshi lililoivamia Maniema liliongozwa na Francis Dhanis, lakini Wazungu wake walihesabika kwa vidole. Nguvu yake ilikuwa askari wa Force Publique, jeshi la dola lililoandikishwa kutoka Afrika Magharibi, Unguja na sehemu nyingine za Kongo, pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Gongo Lutete. Mwinyi Mohara aliuawa mwezi Januari 1893, na tarehe 4 Machi Nyangwe ikatekwa. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo na aliyechapisha kitabu chake juu ya vita mwaka 1897, anasimulia kwamba baada ya mji kukaliwa, watu waliodhaniwa kuwa wamekwisha kujisalimisha waliinuka dhidi ya jeshi, kukawa na mapigano ya mitaani, na mji ambao aliukadiria kuwa na watu 30,000 ukaachwa karibu bila nyumba. Kwa anayetafuta ukinzani chini ya ukaliwaji, hapa ndipo mahali pake hasa, kwa kuwa waliopigana Nyangwe siku hizo hawakuwa na ukuta wala mkuu wa kuwaongoza. Katika masimulizi ya mshindi tukio hilo linaitwa hila, na waliokufa hawana majina.

Kasongo iliangukia mikononi mwa Dhanis baada ya mapigano ya muda mfupi tarehe 22 Aprili. Maelezo ya Hinde juu ya alichokikuta yanashangaza hadi leo: vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua, magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, viberiti, vyombo vya fedha na vya kioo, bustani za michungwa, na mashamba yaliyolimwa vizuri pande zote za mji. Nyumba kubwa za udongo zenye baraza na ua zilikuwa zimepangwa kama za Tabora na Unguja. Yote hayo yalijengwa kwa jasho la watumwa, na yote yakawa ngawira. Mpunga ulioletwa na misafara ulibaki, na Kasongo inajulikana kwa mchele wake mpaka sasa.

Vita havikuishia hapo. Mwezi Septemba 1893 maofisa wa dola walimshitaki Gongo Lutete kwa uhaini na kumpiga risasi kule Ngandu, mtu ambaye bila yeye Kasongo isingetekwa, na kosa hilo litarudi mbele katika habari hizi. Mwezi Oktoba Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na makao yake Ujiji, alikuja na jeshi kumsaidia Sefu, na wakauzunguka upande wa mashariki wa Kasongo kwa maboma. Boma la Rumaliza lilikuwa kazi ya ufundi: ua wa magogo yaliyosimamishwa wima, handaki kuuzunguka, na ndani yake vibanda vilivyochimbwa ardhini na kufunikwa kwa miti na udongo mwingi, hata makombora ya mzinga wa Krupp yalipoanguka hayakuwadhuru waliokuwa chini. Katika mapigano hayo Dhanis alimpoteza ofisa wake Ponthier, na upande wa pili Sefu mwenyewe aliuawa kabla ya mwaka kwisha. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyeweza kusema nani angeshinda. Mwezi Januari 1894 kombora moja liliwasha moto ndani ya boma kuu, waliokuwamo wakabanwa kati ya moto na risasi, na siku chache baadaye kikosi cha Hubert Lothaire kikaingia Kabambare. Rumaliza alitorokea katika eneo la Wajerumani ng'ambo ya ziwa. Dhanis alirudi Ubelgiji akapewa ubaroni.

Waliokuwa watumwa wa Kasongo waliandikwa kuwa wamekombolewa. Kwa wengi wao ukombozi ulikuwa na maana ya kuandikishwa katika Force Publique kwa miaka saba, au kupelekwa kwenye vituo vya dola kulima na kubeba mizigo. Vijiji vilivyokuwa vikitoa pembe na watu kwa Wangwana sasa vilitakiwa kutoa mpira, vyakula na wapagazi kwa dola, na kiboko cha ngozi ya kiboko, kilichokuwa adhabu ya kila siku katika jeshi na vituoni, kikaingia katika kumbukumbu ya watu wa Kongo nzima.

Baada ya kuyajua hayo ndipo ziara ya Tervuren hupata maana yake. Chimbuko la makumbusho hayo ni maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa kwa watazamaji katika vijiji vya bandia, na saba kati yao wakafa huko: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Ni kwa maonyesho hayo hayo mchongaji Charles Samuel alitengeneza kundi la sanamu linaloonyesha mwanamume aliyeitwa Vuakusu-Batetela, yaani Mkusu-Mtetela, akimkinga mwanamke asichukuliwe na Mwarabu. Sanamu hiyo inahusu Maniema moja kwa moja, na yastahili kutazamwa kwa muda mrefu. Wakusu na Watetela wana asili na lugha moja. Walitofautiana kwa sababu wale wa mashariki waliingia zaidi katika maisha ya Wangwana, na baadaye mpaka wa utawala wa kikoloni ukawatenga kabisa. Wapiganaji wa Gongo Lutete walimtumikia Tippu Tip, kisha wakamtumikia Dhanis, na miaka miwili tu kabla ya sanamu hiyo kuonyeshwa watu wao walikuwa wamekwisha kuigeuzia dola bunduki. Mchongaji aliwagandisha katika tendo moja lililompendeza mteja wake, akawanyima mengine yote.

Katika ukumbi wa duara uliofunguliwa mwaka 1910 fikra hiyo hiyo iliendelezwa kwa sanamu za rangi ya dhahabu zilizowekwa ukutani, ambazo zinauonyesha Ubelgiji kama mama anayeileta nuru Kongo, na utumwa umepewa sura ya Mwarabu. Kwenye korido ndefu kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908. Aliyekufa Kasongo kwa mkuki na aliyekufa mjini Boma kwa homa wameandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja. Makumbusho yalifungwa mwaka 2013 na kufunguliwa tena Desemba 2018 baada ya ukarabati mkubwa. Sanamu kadhaa zilizoudhi zilikusanywa katika chumba kimoja, na kwa kuwa sheria ya kulinda majengo ya kale ilizuia nyingine zisiondolewe, wasanii Wakongo waliombwa kujibu. Freddy Tsimba aliyaandika majina ya wale saba wa mwaka 1897 kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili ukuta wa majina, hivi kwamba jua likiwaka vivuli vyao huangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Ni kazi nzuri mno, na yeyote aliyewahi kuona jina la Mkongo likipita polepole juu ya marumaru ile ataelewa kwa nini watu husimama hapo kimya. Hata hivyo wale saba hawakufia vitani, na vivuli vya watu wa Nyangwe bado havijapata dirisha.

Katika bustani ya Cinquantenaire, Brussels, mnara wa waanzilishi wa koloni, uliochongwa na Thomas Vinçotte na kuzinduliwa mwaka 1921, ulikuwa na maandishi yanayosifu ushujaa wa jeshi la Kibelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mtekaji watumwa. Baada ya malalamiko, neno linalomtaja Mwarabu lilifutwa, kisha likarudishwa, kisha likafutwa tena. Ugomvi huo ulikuwa kati ya wakazi wa Brussels wenyewe, juu ya heshima ya Waarabu wa leo na heshima ya maaskari wa jana, na watu wa Maniema, wale ambao miili yao ndiyo iliyokuwa ikigombewa, hawakuulizwa.

Hazina kubwa kuliko zote iliyoko Ubelgiji kuhusu vita hivi haiko ukutani. Katika nyaraka, zikiwemo karatasi za Dhanis zinazotunzwa Tervuren, kuna barua na mikataba iliyoandikwa na watu wa upande wa pili, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambayo mtaalamu Xavier Luffin ameishughulikia kwa miaka mingi na kuitafsiri. Kwa karne nzima waandishi wa historia ya Kongo waliitegemea taarifa ya ofisa wa Kibelgiji kana kwamba adui yake hakujua kuandika, na kumbe adui huyo alikuwa akimwandikia barua. Barua za watu wa Lualaba zina taratibu zile zile za pwani: kumtaja Mungu mwanzoni, salamu ndefu, kisha neno lenyewe, na Kiswahili chake kimekwisha kuchukua maneno na matamshi ya bara. Hati hizo hazimfanyi mwandishi wake kuwa mtu mwema. Zinamfanya kuwa mtu mwenye hoja, anayejua haki anazodai na mkataba anaosema umevunjwa, na hilo tu linatosha kuivunja picha ya sanamu. Msomaji wa Kasongo aliyesoma chuoni, yaani katika shule ya Kurani, angeweza kuzisoma kwa sauti.

Kosa la kumwua Gongo Lutete nalo lilizaa ukinzani wake. Mwezi Julai 1895 askari wa kituo cha Luluabourg, wengi wao wakiwa watu wa Gongo Lutete waliohamishiwa huko baada ya bwana wao kuuawa, waliasi kwa sababu ya mauaji hayo, ya mishahara isiyolipwa na ya viboko, wakamwua mkuu wa kituo, Kapteni Pelzer. Mwaka 1897 uasi wa pili, ulio mkubwa zaidi, ulizuka katika msafara ambao Dhanis mwenyewe alikuwa akiuongoza kuelekea mto Naili, na waasi, wakiongozwa na Mulamba na wenzake, wakateremka kusini kwa mapigano yaliyochukua miaka. Mwezi Novemba 1898 waliiteka Kabambare, ambayo sasa ilikuwa ngome ya dola, pamoja na ghala lake la silaha. Askari waliofundishwa bunduki ili kuiteka Maniema waliishika Kabambare dhidi ya yule yule aliyewafundisha, na dola ililazimika kupigana upya kuurudisha mji. Mwaka 1900 kundi kubwa lililobaki likavuka na kusalimisha silaha kwa Wajerumani. Sifa ya ukinzani uliopangwa kijeshi, kama inatakiwa kutolewa, inawastahili hawa kuliko Sefu na Rumaliza, kwa sababu walipigania ujira, ngozi ya migongo yao na mkuu aliyeuawa kwa dhuluma, na hawakuwa na misafara ya watumwa ya kuilinda.

Chini ya utawala wa Ubelgiji, ulioichukua Kongo kutoka kwa Leopold mwaka 1908, ukinzani ulihamia katika dini na shule. Kasongo iliendelea kuwa mji mkuu wa Uislamu nchini, na serikali, iliyokuwa imewakabidhi wamisionari wa Kikatoliki elimu ya watoto, iliwatilia Waislamu shaka ya kudumu. Tarika ya Kadiria ilipoenea Maniema katika miaka ya 1920, baadhi ya viongozi wake walihamishwa mbali na watu wao. Mzazi aliyemtoa mwanawe shule ya misheni akampeleka chuoni alijua kwamba anamfungia njia ya kuwa karani, na wengi walikubali hasara hiyo.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, Simba, wapiganaji wa uasi wa mashariki uliokuwa na Gaston Soumialot miongoni mwa viongozi wake, waliichukua Maniema, na Kindu ikaanguka mwezi Julai. Jeshi la serikali pamoja na mamluki Wazungu liliirudisha Kindu mwanzoni mwa Novemba. Kuanzia mwaka 1998, kundi la waasi la RCD likisaidiwa na jeshi la Rwanda liliishika miji ya Maniema, na vijijini, Kasongo na Kabambare zikiwemo, vikundi vya wenyeji vilivyoitwa Mai-Mai vikashika silaha kupinga ukaliwaji huo. Wengi wa vijana hao waliingia vitani kulinda mashamba na dada zao. Kisha baadhi yao wakayatoza mashamba hayo hayo na kuwatenda vibaya akina dada hao hao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 kuhusu uhalifu wa miaka 1993 hadi 2003 inayataja pia matukio ya Maniema. Wakongwe wa vita hivyo wangali hai, na historia yao itahitaji kitabu chake.

Mji wa Kasongo uliotekwa na Dhanis haupo tena pale ulipokuwa. Makao ya utawala yalihamishwa, na mahali pa mji wa kale panaitwa Tongoni. Tongo ni mahali palipokuwa na makazi pakahamwa, na jina hilo hilo linapatikana kusini ya Tanga, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa zamani. Bila shaka waliolitamka Maniema walikuwa wakisema Kiswahili kile kile. Timu ya wanaakiolojia wa Kongo na Ubelgiji, akiwemo Noémie Arazi, imefanya uchunguzi hapo, ikichimba na wakati huo huo ikiwauliza wazee, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwaka huo huo bunge la Ubelgiji likapitisha sheria ya kurudisha vilivyopatikana kwa dhuluma. Kinshasa ilikwisha kufungua Makumbusho mapya ya Taifa mwaka 2019, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Kutoka Kinshasa hadi Kasongo ni safari ndefu kwa yeyote asiye na nauli ya ndege, na barua za watu wa Lualaba, zilizoandikwa kwa lugha ambayo watoto wa Kasongo wanacheza nayo uwanjani, bado ziko Ubelgiji.